Dini Hujaniuliza

Agosti 2012 nilikuwa Muheza kwa bibi yangu mzaa mama karani wa sensa alipofika, ameongozana na mjumbe. Kijana wa watu, mwalimu wa shule ya msingi. Alimwamkia bibi vizuri, akapewa kigoda kivulini, kazi ikaanza. Nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 26? Ana umri gani? Anajua kusoma na kuandika? Paa limeezekwa kwa nini? Choo cha aina gani? Kuna redio, baiskeli, simu? Bibi alijibu yote kwa utulivu. Karani alipoanza kukusanya makaratasi yake, bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, dini hujaniuliza."

"Haimo kwenye dodoso, bibi."

"Basi andika hata pembeni. Mimi Muislamu."

"Siruhusiwi kuandika kisichoulizwa."

Bibi hakugomba. Alimwachia mkono, akamtafutia mfuko akamtilia machungwa, kijana akaondoka na mjumbe wake kwenda nyumba ya pili. Lakini jioni nzima bibi alikuwa kimya, na wakati wa kula akasema neno ambalo sijalisahau: "Wameuliza choo changu, wakaacha sala yangu."

Mwaka ule jambo hilo lilikuwa moto nchi nzima. Baadhi ya jumuiya za Kiislamu ziliitaka serikali irudishe kipengele cha dini, na kisiporudi waumini wasihesabiwe. Viongozi wengine wa Kiislamu waliwahimiza watu wahesabiwe. Wapo waliokamatwa kwa kuhamasisha mgomo. Jibu la serikali lilikuwa moja, likarudiwa majukwaani: mipango ya maendeleo haihitaji kujua dini ya mtu. Matokeo yakatoka, tukaambiwa tuko 44,928,923, mjadala ukaishia hapo bila kujibiwa. Mwaka 2022 tulihesabiwa tena, safari hii kwa vishikwambi, tukafika 61,741,120. Dini haikuulizwa.

Mimi nataka swali hilo lirudi, na lirudi kwa hiari ya mjibuji. Sitaki lirudi ili upande mmoja umshinde mwenzake. Sisi ni Wabondei. Wamisionari wa Kianglikana walijenga misheni yao Magila tangu karne ya 19, na misikiti ya kwetu ina umri wake pia, kwa hiyo katika ukoo mmoja utamkuta padri na utamkuta maalimu, na wote wawili wanakaa jamvi moja siku ya msiba. Mtu wa ukoo kama huo hana timu ya kuishangilia katika hesabu hii. Kinachoniuma ni kwamba jibu ambalo bibi yangu aliliona la kwanza maishani mwake liliondolewa kwenye karatasi ya taifa, na hakuna aliyemweleza kwa nini.

Tangu Muungano tumefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ni ile ya kwanza tu iliyouliza dini, na kabila pia. Picha iliyotoka ilikuwa ya mafungu matatu yanayokaribiana: Wakristo, Waislamu, na wafuasi wa dini za jadi. Baada ya hapo maswali yote mawili yakaondoka. Ukiitazama miaka ile unaelewa hofu iliyokuwepo. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka uliofuata jumuiya ya EAMWS, iliyokuwa ikiendesha shule na misikiti Afrika Mashariki nzima, ilipigwa marufuku na Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA, likaundwa. Shule za misheni zikataifishwa muda mfupi baadaye. Nje ya mipaka, Nigeria ilikuwa imegombania sensa yake ya 1962 hadi ikafutwa, ikarudiwa mwaka 1963, ikagombaniwa tena, na kufikia 1967 nchi ile ilikuwa vitani. Tanzania iliitambua Biafra, sehemu iliyojitenga na Nigeria, Aprili 1968. Viongozi wetu waliona kwa macho hesabu za watu zinavyoweza kuchangia kuivunja nchi, wakaamua kujenga taifa ambalo watu wake hawaulizani wewe wa wapi na unasali wapi. Nigeria yenyewe ilikuja kufanya vivyo hivyo: sensa zake za 1991 na 2006 hazikuuliza dini wala kabila.

Uamuzi ule siudharau. Ulitulea. Mimi nimesoma darasa moja na watoto ambao mpaka leo sijui makabila yao, na hiyo ni neema ambayo majirani zetu kadhaa wanaililia.

Ipo pia hofu nzito kuliko ile ya Nigeria, na anayetaka swali lirudi sharti aitazame usoni. Wabelgiji walipowapa Wanyarwanda vitambulisho vyenye kabila katika miaka ya 1930, yaelekea waliona ni kazi ya ofisini tu. Mwaka 1994 kitambulisho kilekile kilitolewa mfukoni kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililoandikwa juu yake likaamua nani apite na nani abaki. Uholanzi kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na daftari la wakazi lililosifiwa kwa unadhifu, na ndani yake dini ya kila mmoja imeandikwa. Wajerumani walipoingia hawakuhitaji kuwatafuta Wayahudi kwa kubahatisha. Kati ya takriban Wayahudi 140,000, zaidi ya 100,000 waliuawa. Machi 1943 kikundi cha wapinzani kilivamia jengo la daftari hilo Amsterdam na kulitia moto ili kadi ziteketee, na watu kumi na wawili wakapigwa risasi kwa kosa hilo. Watu walikufa ili kufuta jibu la dini kwenye makaratasi ya serikali. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo kwa mtu anayesema tuliache swali lilale.

Hata hivyo, angalia kilichoua. Kule Rwanda na kule Amsterdam jibu lilikuwa limefungwa kwenye jina, sura na anwani ya mtu. Lilikuwa kitambulisho, lilikuwa kadi kwenye droo. Sensa ni kazi ya namna nyingine. Jina lako likiandikwa huandikwa ili usihesabiwe mara mbili, na sheria yetu ya takwimu inakataza taarifa za mtu mmoja mmoja kutolewa nje. Kinachobaki ni jumla. Jumla haiwezi kumsimamisha mtu barabarani.

Na hapa kuna jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa katika mjadala huu. Tanzania serikali inauliza dini ya mtu kila siku ya kazi. Nenda polisi ukaandikishe maelezo: jina, umri, kabila, dini, kazi, makazi. Nenda mahakamani kutoa ushahidi, hakimu ataandika jina lako, umri wako, na kama u Mkristo au Muislamu, kwa sababu Mkristo anaapa na Muislamu anathibitisha. Kwa hiyo dola inakuuliza dini pale ambapo jibu litabaki ubavuni mwa jina lako kwenye faili, miaka na miaka. Pale ambapo jibu lingetenganishwa na jina na kuzama katika mamilioni, hapo ndipo haiulizi. Kama hofu yetu ni ya Rwanda na Amsterdam, tumefunga mlango usio na mwizi.

Wengi hujibu kwamba shida si jina, shida ni siasa: takwimu zikitoka, kila upande utadai viti, vyeo na nafasi za chuo kwa uwiano wake. Mfano unaotajwa hapo ni Lebanon. Sensa yake ya mwisho ni ya 1932, iliyoonyesha Wakristo wakizidi nusu kidogo. Juu ya hesabu hiyo wakajenga dola nzima: rais awe Mkristo wa Kimaroni, waziri mkuu Muislamu wa Kisuni, spika Muislamu wa Kishia, na bungeni wabunge sita wa Kikristo kwa kila watano wa Kiislamu, mpaka makubaliano ya Taif mwaka 1989 yalipoleta nusu kwa nusu. Katikati hapo kuna vita vya miaka 15. Hawajahesabu tena, kwa sababu hesabu mpya ingemnyang'anya mtu kiti.

Lebanon inafundisha, ila somo lake wengi hulisoma nusu. Hesabu ilikuwa na moto kwa sababu ya kilichoning'inizwa juu yake. Jirani yetu Kenya anatuonyesha hivyo katika sensa zake mbili. Kenya huuliza dini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296, na Waislamu wakawa milioni 5 na kidogo, kama asilimia 11. Watu walisoma, magazeti yakaandika, kesho yake matatu zikaendelea kupakia abiria. Lakini Kenya hiyohiyo, baada ya sensa ya 2009, ilifuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini kwa maelezo kwamba idadi ya watu imepanda kuliko inavyowezekana, jambo likafika mahakamani na kubishaniwa kwa miaka. Pale haikuwa habari ya dini. Ilikuwa idadi ya watu tu, ile ambayo sisi sote tunakubali kuhesabiwa bila wasiwasi. Ila idadi ndiyo inayogawa majimbo na fedha, kwa hiyo ikawa na cha kugombaniwa. Dini haikuwa imefungiwa kiti wala shilingi, ikapita kimya.

Nasi hatuna sheria inayogawa kiti kwa dini. Katiba inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na maneno hayo hayategemei nani ni wengi. Muislamu akiwa asilimia 30 au 50, haki yake ya kusali ni ileile na kura yake ni moja. Nikisikia mtu anasema takwimu zitatuvunja, ninachokisikia ni kwamba haamini kama katiba yetu imeshika kweli. Hiyo ni hoja nzito, na iletwe hivyo, ijadiliwe hivyo, badala ya kufichwa nyuma ya "haihitajiki kwa maendeleo".

Maana kwa maendeleo inahitajika, na mfano uko hapohapo Muheza. Wilaya yetu kwa miaka mingi ilitibiwa na Hospitali Teule, hospitali ya Kanisa la Anglikana iliyoteuliwa na serikali kuhudumia watu wote. Bibi yangu Muislamu alitibiwa pale, na sijawahi kumsikia akiilalamikia kwa sababu ya imani yake. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya kushirikiana katika huduma za jamii, na hospitali za makanisa zikawa zinapata watumishi na ruzuku. Tangu hapo wapo Waislamu wanaouliza: fedha za umma zikipitia taasisi za dini moja, wa dini nyingine wanafikiwa kwa kiasi gani? Na elimu vilevile. Mkoloni aliacha sehemu kubwa ya elimu mikononi mwa misheni, na mzazi Muislamu aliyeogopa mwanawe abatizwe alimweka nyumbani. Pengo la wakati ule linajulikana. Je, limezibika? Ukisema limezibika, nionyeshe. Ukisema halijazibika, nionyeshe pia. Hakuna awezaye, kwa sababu takwimu zetu za elimu zinaweza kutenganisha mvulana na msichana, mjini na kijijini, Kagera na Lindi, ila dini hazina. Mlalamikaji anabaki na lalamiko lake, na anayekanusha anabaki na kanusho lake. Miaka inapita, na kila mmoja anazidi kuamini kuwa mwenzake anaficha kitu.

Pengo hilo la takwimu halikai tupu. Kwenye daladala utaambiwa Waislamu ni asilimia 60, kwenye daladala nyingine Wakristo ni asilimia 60, na kila msemaji ana uhakika kamili. Ukitaka kitu kilichoandikwa utakikuta Marekani. Kituo cha utafiti cha Pew, chenye makao yake Washington, kilikadiria kuwa mwaka 2010 Wakristo nchini walikuwa kama asilimia 61 na Waislamu kama 35. Ripoti za serikali ya Marekani kuhusu uhuru wa dini huazima makadirio ya Pew zinapotueleza, na mwandishi wa hapa Dar es Salaam anayetaka kuandika habari ya dini hunakili kutoka huko. Sisemi ni ya uongo. Ni makadirio ya watu wanaojua kazi yao. Ila fikiria: taifa lenye Ofisi ya Taifa ya Takwimu, lililotuma makarani nyumba kwa nyumba kutoka Kigoma hadi Micheweni, likitaka kujua watu wake wanamwabudu nani linasoma karatasi ya Washington. Jibu halikufutika. Limehamia kwa mtu mwingine, na sasa ni yeye anayetusimulia sisi ni nani.

Tena katika masimulizi hayo kuna watu wamepotea. Turudi mwaka 1967: fungu moja kati ya matatu lilikuwa la dini za jadi. Katika makadirio ya leo wanatajwa kwa asilimia isiyofika mbili. Wamekwenda wapi? Wengi wamesilimu au wamebatizwa, hilo halina ubishi. Lakini kila mtu aliyekaa kijijini anamjua mzee anayekwenda kanisani Jumapili, na mvua ikichelewa yumo kwenye tambiko la ukoo kwa moyo uleule. Yeye angejibu nini? Hatujui, kwa kuwa kwa zaidi ya nusu karne hajaulizwa. Muislamu ana BAKWATA na misikiti ya kumsemea, Mkatoliki ana Baraza la Maaskofu, Mlutheri ana KKKT. Mwenye kuamini mizimu ya babu zake hana ofisi, hana msemaji, hana gazeti. Wakati wa mabishano ya 2012 sikumsikia mtu hata mmoja akimtaja. Kunyamaza kwa dodoso kumemwathiri yeye kuliko bibi yangu.

Na asiye na dini je? Kenya mwaka 2019 waliojitaja kuwa hawana dini walizidi 755,000. Huku kwetu mtu huyo hayupo kabisa. Kila fomu inadhani ni lazima awe upande mmoja.

Kuhusu hiari, siipendekezi kwa kubahatisha. England na Wales walianza kuuliza dini katika sensa mwaka 2001, na bunge lao lilipitisha sheria mahsusi mwaka 2000 kwamba asiyejibu swali hilo peke yake hatashtakiwa. Maswali mengine ya sensa ile yalikuwa ya lazima. Mtu angetarajia watu wengi waliruke. Mwaka 2021 asilimia 94 walilijibu kwa ridhaa yao. Majibu hayakuwapendeza wote: Wakristo walishuka hadi asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza, na wasio na dini wakafika 37.2. Mfalme bado ni mkuu wa Kanisa la Uingereza. Waislamu milioni 3.9 bado wanafunga Ramadhani. Kilichobadilika ni kwamba mtu akisema "nchi hii ni ya Kikristo" au "Waislamu wanatumaliza", yupo wa kumwambia twende kwenye takwimu tukaangalie.

Watu wa takwimu watauliza kitaalamu: vipi kuhusu karani mwenye dini yake anayeandika jibu la mwenye dini nyingine? Swali la haki. Sensa ya 2022 ilitumia vishikwambi, na kishikwambi kinaweza kugeuzwa kikampa mwenye nyumba abonyeze mwenyewe pale panapomhusu. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mtu anayemwamini. Matokeo yatolewe kwa taifa na mkoa, yasishuke hadi mtaa, ili nyumba tatu za Wahindu mahali fulani zisijulikane kwa vidole. Haya yote yanawezekana. Zoezi lililoweza kuhesabu mbuzi wa Wamasai haliwezi kushindwa na sala.

Kwa mwendo wetu wa miaka kumi, sensa ijayo ni ya 2032. Dodoso haliandikwi mwaka huohuo. Huandaliwa mapema na kujaribiwa kabla, na likishapita kwenye majaribio halibadiliki kwa maandamano wala kwa mahubiri. Mwaka 2012 mjadala ulipamba moto sensa ikiwa imeshakaribia, ukaishia kwenye kukamatana. Uanze sasa, wakati hakuna karani mlangoni, na wakae kwenye meza moja watu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, BAKWATA na wale wasioikubali BAKWATA, TEC ya maaskofu Wakatoliki, CCT ya makanisa ya Kiprotestanti, Wapentekoste, Mahindu, Mabohora, na kwa hakika waitwe wazee wa matambiko. Maneno ya swali lenyewe ni machache. Bibi hayupo tena, ila naamini yeye angeyakubali:

Je, ungependa kutaja dini au imani yako? Kama ndiyo, itaje kwa maneno yako mwenyewe.